Kompyuta Hii ni ya Nani?

Katika jiji la Dar es Salaam siku hizi limezuka jambo ambalo wazee wetu hawakulijua. Kijana aliyejifunza ufundi wa kompyuta, au wa mitandao, au uandishi wa hesabu, huenda mahali kuomba kazi, naye huambiwa: "Kazi ipo, lakini sisi hatuajiri mtu, twaingia mkataba na kampuni. Nenda kasajili kampuni yako, kisha urudi." Kijana hurudi nyumbani, humtafuta ndugu au rafiki wa kushika hisa pamoja naye, hulipa ada kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA, na kabla ya muda mrefu kupita amekuwa mkurugenzi. Ana cheti, ana namba ya mlipa kodi, ana muhuri wa mpira. Asicho nacho bado ni vyombo vya kazi.

Kwa hiyo safari ya kwanza ya mkurugenzi huyu mpya ni ya sokoni. Hushuka Kariakoo, akaingia mitaa ya Aggrey na Likoma, au huvuka Mnazi Mmoja akatafuta maduka ya katikati ya mji, upande wa Posta na Barabara ya Samora. Huko hukuta kompyuta mpakato mpya na zilizokwisha kutumika ng'ambo, mashine za kuchapia, nyaya na vifaa vya mtandao vya kila namna. Mwenye duka humkaribisha vizuri, humwagiza kijana wake alete kiti, kisha humwuliza maswali mawili. La kwanza: "Wanunua kwa jina lako au kwa jina la kampuni?" La pili, kwa sauti ya chini kidogo: "Nikupe bei ya risiti au bei bila risiti?"

Maswali haya huulizwa upesi upesi, huku wateja wengine wanasubiri, na aghalabu hujibiwa upesi vilevile. Lakini sisi twaona kwamba ni maswali ya dhamiri, wala si ya biashara peke yake. Vijana wengi wa parokia zetu hukutana nayo, na wengi wao hawajapata mtu wa kuwaeleza lililo halali na lisilo halali. Wapo waonao kwamba kampuni ni ujanja tu wa kupata vitu rahisi. Wapo pia wenye dhamiri nyepesi kuogopa, ambao hudhani kwamba kila punguzo ni dhambi. Wote wawili wamekosea njia, na yafaa tuwaonyeshe njia yenyewe.

Punguzo lililo halali

Kwanza tuseme wazi: kupunguziwa bei si kosa. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika mafundisho yake juu ya kununua na kuuza, alieleza kwamba haki katika biashara ni usawa kati ya kitu na thamani yake, na kwamba muuzaji na mnunuzi wote wawili wafungwa na sheria hiyo. Lakini hakusema kwamba bei ni nukta moja isiyosogea hata kidogo. Muuzaji auzaye kompyuta kumi kwa mteja mmoja hapotezi muda kama auzaye moja moja kwa wateja kumi. Basi akimpunguzia yule wa kumi, hamwibii mtu. Vivyo hivyo mteja atakayerudi mwezi ujao, au kampuni ilipayo papo hapo, yaweza kupewa bei nzuri. Ndivyo wafanyavyo wafanyabiashara watokao Kongo, Zambia, Malawi na Visiwa vya Ngazija wajapo Kariakoo kununua kwa jumla, wala hakuna awalaumuye.

Tena ni haki kwamba gharama ya vyombo vya kazi ihesabiwe katika kodi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 yairuhusu kampuni kutoa katika faida yake sehemu ya thamani ya kompyuta kila mwaka, kwa kiwango cha 37.5 kwa mia ya thamani iliyobaki. Tuseme kompyuta imenunuliwa kwa shilingi 2,000,000. Mwaka wa kwanza kampuni yaweza kutoa 750,000. Mwaka wa pili, 468,750. Na kuendelea hivyo. Kama kampuni yapata faida na kulipa kodi yake ya 30 kwa mia, basi mwaka wa kwanza kompyuta hiyo yaipunguzia kodi shilingi 225,000. Hii si zawadi ya serikali wala si werevu wa mhasibu. Ni haki tupu, kwa maana mkulima hatozwi kodi juu ya bei ya jembe, bali juu ya alichobakiza baada ya kulipa gharama za kulima.

Lakini hapa twapenda kuwaondolea vijana wazo moja lisilo sahihi. Wengi hudhani kwamba mtu akiisha kupata cheti cha kampuni, basi Kodi ya Ongezeko la Thamani, ile iitwayo VAT na watu wote, huondoka au hurudishwa. Sivyo. Arudishiwaye kodi aliyolipa katika manunuzi ni yule aliyesajiliwa kwa kodi hiyo, ambaye naye huwatoza wateja wake na kuipeleka serikalini. Tangu mwaka 2023 kiwango cha mauzo kinachomlazimu mtu kujisajili ni shilingi milioni 200 kwa mwaka, isipokuwa kwa kazi za aina fulani ambazo sheria yazitaka zisajiliwe hata chini ya hapo. Mkandarasi mpya mwenye mkataba mmoja mdogo aghalabu hajafika huko. Kwake yeye ile kodi ni sehemu ya bei. Amwambiaye vinginevyo amdanganya, au amfundisha kudanganya.

Mtu wa pili

Sasa twende kwenye swali la kwanza la mwenye duka. Kununua kwa jina la kampuni, maana yake nini?

Mwishoni mwa karne ya 19 palikuwa na mfanyabiashara wa viatu na ngozi mjini London, jina lake Aron Salomon. Mtu huyu aliigeuza biashara yake kuwa kampuni yenye dhima ya kikomo, ile ambayo mwisho wa jina lake huandikwa Limited. Sheria ya wakati ule ilidai wanachama saba. Basi akawa yeye, mkewe, binti yake na wana wanne, kila mmoja wa hao sita akiwa na hisa moja tu. Biashara ilianguka, nao wadai wakasema: kampuni hii ni Salomon mwenyewe, na alipe yeye. Mwaka 1896 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu ya Uingereza, liliamua kwamba la: kampuni iliyosajiliwa kwa halali ni mtu mwingine mbele ya sheria, hata kama hisa karibu zote ni za mtu mmoja. Kanuni hiyo ilienea pamoja na sheria za Kiingereza, nayo ndiyo msingi wa makampuni yetu hata leo chini ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002.

Kijana wetu ajue basi kwamba siku ile alipopokea cheti, alizaliwa mtu wa pili. Mtu huyo ana jina lake, ana mali yake, ana madeni yake. Kampuni ikishindwa kulipa, kwa kawaida wadai hawaingii nyumbani kwa mkurugenzi kuchukua kitanda chake. Hilo ni jambo kubwa sana. Ni ngao ambayo jamii imempa mtu ili athubutu kuanzisha kazi asije akafilisika yeye na watoto wake kwa hasara moja.

Lakini ngao hiyo ina masharti yake. Kama kampuni ni mtu mwingine siku ya deni, basi ni mtu mwingine siku ya kununua kompyuta pia. Kompyuta iliyonunuliwa kwa jina la kampuni, kwa fedha ya kampuni, kwa bei iliyopunguzwa kwa sababu ya kampuni, ni mali ya kampuni. Mkurugenzi akiipeleka nyumbani na kumpa mpwa wake aliyemaliza kidato cha sita, amechukua kitu kisicho chake. Hawezi kuwa wawili mbele ya mdai na mmoja mbele ya duka.

Mtu ataleta hoja: "Hisa zote ni zangu. Nimemwibia nani? Je, mtu aweza kujiibia mwenyewe?" Hoja hii yaonekana kuwa na nguvu, lakini tuitazame vizuri. Mali ya kampuni ndiyo rehani ya pekee waliyo nayo wale waliomwamini huyu mtu wa pili. Yuko fundi aliyevuta nyaya siku 10 na hajalipwa. Yuko mwenye duka aliyetoa vifaa kwa mkopo. Yuko mteja aliyetanguliza nusu ya fedha. Iko Mamlaka ya Mapato, ambayo imeambiwa katika vitabu kwamba kompyuta 4 zimenunuliwa kwa ajili ya kazi. Hao wote hawawezi kukushika wewe, kwa sababu sheria imewaambia wamshike kampuni. Nao wakimwendea kampuni, wakute amevuliwa nguo na mwenye kampuni! Hao ndio walioibiwa.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, ilipofafanua Amri ya Saba haikuishia kwenye mwizi avunjaye mlango usiku. Katika orodha ya mambo yaliyo kinyume cha maadili imetaja kujitwalia mali ya pamoja ya shirika na kuitumia kwa faida ya mtu binafsi, kukwepa kodi, na kughushi hundi na ankara. Ungedhani waliyoandika hayo walikuwa wamesimama kwenye kona ya Msimbazi na Uhuru.

Bei bila risiti

Swali la pili la mwenye duka ni zito zaidi, kwa sababu humgusa kila mnunuzi, awe na kampuni au asiwe nayo.

Tuchukue mfano mwepesi. Kompyuta yauzwa shilingi 1,180,000 kwa risiti. Bila risiti mwenye duka aitoa kwa 1,000,000. Mnunuzi afurahi, adhani kwamba amepunguziwa shilingi 180,000. Lakini ni nani aliyempunguzia? Mwenye duka hakupunguza hata senti moja. Milioni yake ameipata kamili. Hizo 180,000 ndiyo ile kodi ya 18 kwa mia, ambayo ndiyo kiwango cha kawaida Tanzania Bara tangu mwaka 2009. Muuzaji huikusanya kwa niaba ya umma. Basi watu wawili wamekaa kwenye kaunta wakapeana punguzo kwa kutumia fedha ya mtu wa tatu ambaye hayupo pale.

Mtu huyo wa tatu ni nani? Ni mama aliye kwenye foleni ya hospitali ya Mnazi Mmoja au Amana. Ni mtoto akaaye wanne kwenye dawati moja. Ni huyo kijana mwenyewe, ambaye kesho ataomba zabuni ya serikali ya kufunga kompyuta shuleni, na kuambiwa kwamba fedha hazijapatikana. Naye pia ni jirani wa mwenye duka, yule auzaye kompyuta ile ile kwa risiti na kukosa wateja kwa sababu ni mwaminifu. Jirani huyo ataendelea kwa muda gani? Siku atakapochoka, mtaa mzima utakuwa umefundishwa kwamba uaminifu haulipi pango.

Mashine za kielektroniki za kutolea risiti zilianza kutumika nchini mwaka 2010, na wito wa Mamlaka ya Mapato, ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti, waujua hata watoto. Twaona wengi huutii nusu yake. Humlaumu muuzaji asiyetoa, lakini wao wenyewe hawadai, hasa wakiisha kuonjeshwa tofauti ya bei. Sheria haikumwachia mnunuzi nafasi ya kusema kwamba hayamhusu. Imemtaka naye adai risiti na kuitunza. Na maadili yasema hivyo hivyo: akubaliye uovu ili apate fungu lake ni mshiriki wa uovu huo.

Isitoshe, uongo wa kwanza haukai peke yake. Mkandarasi aliyenunua bila risiti hana cha kuweka katika vitabu vya kampuni. Mwisho wa mwaka mhasibu amwuliza: "Kompyuta hizi zilitoka wapi?" Ndipo hurudi Kariakoo kutafuta risiti ya kununua, risiti ya bidhaa nyingine, kutoka duka jingine, yenye kiasi kilichoongezwa. Alianza kwa kunyamaza, sasa aghushi. Tena kompyuta ikiharibika baada ya wiki 2, hana ushahidi wa kumrudia muuzaji. Na kama kompyuta hiyo rahisi iliibwa katika ofisi ya mtu mwingine, kama itokeavyo, atawajibu nini polisi watakapoikuta mezani pake? Risiti ambayo aliiona kuwa mzigo ndiyo ingekuwa shahidi wake.

Wasemao kwamba kodi huliwa

Twajua jibu litolewalo kila mara: "Kwa nini nilipe, nao wakubwa wanakula? Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali yasomwa kila mwaka, na kila mwaka twasikia mamilioni yaliyotumika vibaya." Hatutalipuuza jibu hili, kwa kuwa lina uchungu wa kweli ndani yake.

Wala hatusemi kwamba wafanyabiashara wa Kariakoo ni watu wabaya. Mwezi Mei 2023 walifunga maduka yao, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaja kuwasikiliza. Mwezi Juni 2024 wakafunga tena, na mgomo ukaenea katika miji mingine. Walilalamikia wingi wa kodi na tozo, na namna ya ukusanyaji wake, wakisema kwamba wasumbuliwa na kukamatwa kamatwa badala ya kuelekezwa. Serikali itakayo wananchi walipe kwa hiari ina wajibu wa kutoza kwa kiasi, kueleza kwa lugha ieleweke, na kumwadhibu mtumishi wake aombaye chochote. Mahali ambapo mtu huambiwa kwamba penye udhia apenyeze rupia, hapo sheria imekwisha kuuzwa na wale waliowekwa kuilinda. Hao nao watatoa hesabu mbele ya Mungu, tena hesabu kubwa zaidi.

Lakini je, kosa lao lamfungua mnunuzi? Zamani walikuwako walimu wa maadili waliofundisha kwamba baadhi ya sheria, na hasa za kodi na ushuru, humfunga mtu kwa adhabu tu: asipolipa na akakamatwa, alipe faini, asipokamatwa, dhamiri yake haina deni. Fundisho hilo lilipata wafuasi wengi, maana lilikuwa tamu masikioni. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, katika hati yake juu ya Kanisa katika ulimwengu wa sasa, uliwakemea wazi wale ambao kwa hila na udanganyifu huepa kodi za haki na wajibu mwingine wa kijamii. Na Katekisimu yaweka kulipa kodi miongoni mwa wajibu wa dhamiri wa raia.

Sababu yake si ngumu kuiona. Fedha ya umma ikiibwa na mkubwa, yule mama wa foleni amepungukiwa mara moja. Nawe ukiizuia isifike kabisa, amepungukiwa mara ya pili. Mwizi wa kwanza hakukupa ruhusa ya kuwa wa pili. Anayechukizwa na matumizi mabaya ana njia za kupigana nayo: kuuliza, kupiga kura, kusema hadharani, kudai hesabu. Tena adaiye hesabu akiwa na risiti zake mkononi ana sauti kuliko yule ambaye naye amejificha.

Kuhusu wale wasemao kwamba ni jambo dogo, kompyuta moja tu, Bwana wetu amekwisha kutufundisha katika Injili kwamba aliye mwaminifu katika lililo dogo huwa mwaminifu katika lililo kubwa pia. Haba na haba hujaza kibaba. Na vivyo hivyo, haba na haba hukimaliza kibaba.

Kompyuta ya kazi na ya nyumbani

Yamkini msomaji mwenye nia njema atauliza: "Basi nifanyeje? Kampuni yangu haina ofisi. Ofisi ni meza yangu ya chakula, huku Ilala. Mchana naandika ankara kwa kompyuta hiyo, jioni mwanangu afanya kazi za shule. Je, ni dhambi?"

Hatutaki kuzifunga dhamiri kwa kamba ambazo Mungu hakuzisokota. Mtoto kutumia kompyuta ya kampuni saa moja jioni si wizi, kama vile fundi seremala hatendi dhambi akitumia nyundo ya karakana kupigilia kitanda chake. Jambo la kutazama ni hili: kompyuta ilinunuliwa kwa sababu gani, na yatumika zaidi kwa lipi? Kama ilinunuliwa kwa kazi na yafanya kazi, matumizi madogo ya nyumbani hayaigeuzi. Kama yatumika nusu kwa nusu, basi nusu tu ndiyo gharama ya kampuni, na ndivyo vitabu viseme. Lakini kama ilinunuliwa kwa ajili ya mtoto, na kampuni ikaazimwa jina tu, hapo vitabu vimesema uongo tangu ukurasa wa kwanza.

Atakaye kompyuta ya nyumbani ana njia zilizo wazi. Ajilipe mshahara au gawio kutoka katika kampuni, akatwe kodi ipasavyo, kisha anunue kwa fedha yake na kwa jina lake. Au, ikiwa kampuni yataka kununua mpya, ainunue ile ya zamani kutoka kwa kampuni kwa bei ya haki, na mauzo hayo yaandikwe. Njia hizi ni ndefu kidogo, lakini zaacha usingizi.

Kisha kuna ndugu na marafiki. Habari ya kampuni mpya ikienea ukoo mzima, simu huanza kulia: "Mjomba, nasikia wapata bei ya kampuni. Ninunulie na mimi moja." Hapa tutofautishe. Kama mwenye duka ajua kwamba kompyuta tatu ni za ndugu, naye akubali kuziuza zote kwa bei ya jumla, na kila mmoja alipia yake na kupata risiti yake, hakuna aliyedanganywa. Bali kama muuzaji alitoa bei ile kwa sharti kwamba bidhaa ni za matumizi ya kampuni, basi kuwapa wengine ni kumdanganya yeye. Na kama kompyuta za ndugu zimeingizwa katika vitabu kuwa gharama za kazi, umma umedanganywa pia. Udugu ni kitu kitakatifu kwetu Waafrika. Ndiyo sababu hautakiwi kutumiwa kufunika jambo baya. Mjomba ampendaye mpwa wake humpa kilicho chake mwenyewe, si cha mdai wake.

Wajibu wa wengine

Hatungetenda haki kama tungemwachia kijana huyu mzigo wote. Mwanzoni tulisema kwamba wengi hawakutafuta kampuni; waliamriwa kuwa nayo. Wako waajiri ambao humwita mkandarasi mtu aripotiye kazini saa mbili asubuhi kila siku, apokeaye amri kama mwajiriwa, ila hana likizo, hana matibabu, wala hachangiwi katika NSSF. Humlazimisha anunue kompyuta yake mwenyewe ili afanye kazi yao. Tangu Baba Mtakatifu Leo wa 13 alipotoa waraka wake Rerum Novarum mwaka 1891, Kanisa limefundisha kwamba makubaliano kati ya mwenye mali na mfanyakazi hayawi ya haki kwa sababu tu yametiwa sahihi. Mtu mwenye njaa hutia sahihi kila kitu. Mwajiri ageuzaye watu kuwa makampuni ili aepe wajibu wake kwao, naye atumia jina la kampuni kwa uongo. Tofauti ni kwamba uongo wake una faida kubwa zaidi. Asimcheke kijana aliyeificha kompyuta moja.

Kwa wenye maduka wa Kariakoo na wa mjini, twasema: acheni lile swali la pili. Wekeni bei moja, yenye kodi ndani yake, na punguzo lenu litoke katika faida yenu. Wengi wenu ni waumini, Wakristo na Waislamu, na dini zetu zote zakataza mizani ya hila. Kwa wahasibu twasema: kazi yenu ni kuandika lililotokea, si kutunga litakalopendeza. Na kwa viongozi wa parokia na wa vyama vya vijana: waiteni wahasibu na wanasheria wema walioko katika jumuiya zenu, wawafundishe hawa wakurugenzi wapya. Kijana anafundishwa jinsi ya kusajili kampuni. Mara chache hufundishwa jinsi ya kuishi nayo.

Na kwako kijana, uliyepokea cheti juzi na kesho unakwenda dukani, twakuambia hivi. Andika kwanza kwenye karatasi kile ambacho kazi yako yahitaji kweli. Nenda Kariakoo ukapatane bei bila haya, maana biashara haigombi. Ukipunguziwa kwa halali, mshukuru Mungu na mwenye duka. Dai risiti yenye jina la kampuni yako, hakikisha kwamba kiasi kilichoandikwa ndicho ulicholipa, na uitie katika faili ya kwanza ya kampuni hiyo. Ukiulizwa kama wataka bei bila risiti, jibu kwa upole kwamba hutaki, wala usimhubirie mtu. Jibu lako latosha.

Utatoka pale ukiwa na fedha pungufu mfukoni kuliko mwenzako aliyetangulia, hilo hatulifichi. Lakini kompyuta uliyoibeba utajua ni ya nani, nawe utaweza kumweleza mdai, mkaguzi na mwanao bila kubadili maneno. Mwenyezi Mungu aibariki kazi ya mikono yako.